Nikiwa bado chuoni nilitumwa Muthaiga kuripoti gofu ya kulipwa. Uzi wa siku ya kwanza

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Juzi kwenye uzi mwingine mdau alilalamika kwamba habari za gofu kwenye vyombo vyetu ni zilezile kila mwaka: fulani anaongoza, fulani anamfuata, mgeni rasmi alikuwa nani, basi. Nikamjibu kwa mistari miwili, watu wakanifuata faragha wakitaka maelezo. Nimeona nishushe uzi kabisa. Ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Mimi ni Mtanzania, nilikuwa nasoma uandishi wa habari Nairobi. Februari 2024 redio ya chuo ilipata nafasi ya mwandishi mmoja kwenye Magical Kenya Open pale Muthaiga Golf Club. Walionitangulia darasa wote walikuwa wanagombania mechi za mpira. Gofu ikabaki mezani haina mwenyewe, nikaichukua.

Kwa wasioijua hii kitu: Kenya Open ilianza 1967. Seve Ballesteros aliishinda 1978 akiwa bado kijana mdogo, mwaka uliofuata akabeba Open ya Uingereza. Ian Woosnam aliishinda 1986. Trevor Immelman wa Afrika Kusini 2000, na 2008 akavaa koti la kijani la bingwa wa Masters kule Marekani. Kwa miaka mingi ilikuwa kwenye daraja la pili la Ulaya, Challenge Tour, mpaka 2019 ikapandishwa kwenye ziara kuu, yaani mfululizo wa mashindano ya daraja la kwanza, ambayo siku hizi inaitwa DP World Tour. Mwaka niliokwenda mimi zawadi kwa jumla ilikuwa dola milioni 2.5. Kwa hiyo tusiongelee bonanza la klabu hapa.

Mhariri wetu alinipa maagizo mafupi: dakika mbili za Kiswahili kwa taarifa ya jioni, na msimamo nisimletee. Msimamo uko kwenye simu ya kila mtu, alisema, niletee kile ambacho mtu aliye nyumbani hawezi kukiona. Nilitoka pale nikijiona nimepewa kazi nyepesi.

Naendelea.

Kijiwe cha Ubungo

Nimeweka kambi. Ila mkuu, gofu si mnazungushwa na vigari tu mnakunywa juisi?

Mleta uzi

@Kijiwe cha Ubungo, vigari vipo, ila si vya mwandishi mwanafunzi. Unatembea, na uwanja una milima. Vaa raba.

Kwanza tuelewane kuhusu ukubwa wa kazi yenyewe. Kwenye mpira wa miguu kuna mpira mmoja, na watu wote uwanjani wanautazama huo huo kwa dakika 90. Gofu ya siku ya kwanza ina wachezaji zaidi ya 140, wanatoka watatu watatu, wametawanyika kwenye mashimo 18 tangu alfajiri hadi jioni. Popote utakaposimama, sehemu kubwa ya mashindano inatokea nyuma ya mgongo wako. Hakuna kiti, hata kiwe cha bei gani, ambacho kinakuonyesha gofu yote.

Halafu kuna jambo linalowachanganya wageni wengi. Alhamisi na Ijumaa wachezaji hawaanzii wote shimo la kwanza. Nusu wanaanzia la 1, nusu wanaanzia la 10, kwa wakati mmoja. Aliyeanzia la 10 anamalizia la 9. Kwa hiyo unaweza kukaa pale shimo la 18 ukisubiri watu wamalize, kumbe anayepita mbele yako amefika nusu ya safari tu, na mwenye matokeo mazuri kuliko wote amemalizia upande mwingine wa uwanja na ameshakwenda kula.

Wanafanya hivyo kwa sababu ya mwanga. Huku kwetu karibu na ikweta mchana una urefu wa saa kumi na mbili tu na vijidakika. Raundi ya watatu inakula saa tano hivi. Mkianzia sehemu moja, kundi la mwisho litamaliza kwa tochi. Kule Scotland mwezi wa saba jua linachelewa mno kuzama, ndiyo maana wana nafasi ya kuwaanzisha wote shimo moja.

Dada wa Moshi

Endelea kaka, hapa nimeelewa kitu ambacho nimekitazama kwenye TV miaka bila kukielewa. Nilikuwa nawaona watu wanashangilia shimo la 9 najiuliza wamepatwa na nini.

Mleta uzi

Sasa chumba cha waandishi. Nilifika kabla kundi la kwanza halijatoka. Meza ndefu, skrini za matokeo, televisheni, chai, soketi za umeme. Karatasi za makundi na saa zao za kuanza zimepangwa mlangoni. Waandishi wazoefu walikuwa wameshakaa, na wengi wao hawakunyanyuka mpaka mchana. Mmoja, mzee wa makamo ambaye ameripoti mashindano haya kwa miaka mingi, alinitazama nafunga kamba za raba akasema, "Kijana, ukitoka nje utajua habari za watu watatu. Sisi hapa tunajua za wote."

Na kwa namba, alikuwa sahihi kabisa. Pale ndani unamwona kila mchezaji, kila shimo, kila mkwaju, yaani kila pigo. Nje unatembea na kundi lako moja, na habari za wengine unazisikia kwa makofi ya mbali.

Ila namba haikwambii kwa nini. Skrini inakuonyesha fulani kapoteza mkwaju mmoja shimo la nane, yaani kapiga mara moja zaidi ya kiwango cha shimo. Kautupa majini? Alisita akabadilisha fimbo? Upepo ulimgeuka? Kedi, yule anayembebea mfuko wa fimbo, alimpa umbali wa jana? Hapo ndipo habari ilipo, na pale chumbani hakuna aliyekuwa nayo. Walisubiri mchezaji aje asimulie mwenyewe, na mchezaji aliyechoka anasimulia kwa maneno yale yale aliyoyatumia wiki iliyopita nchi nyingine.

Nikatoka nje.

Ngoma Droo

Mkuu unaanza kutupiga chenga. Hao wazee wana ratiba za kutuma habari kila saa, wewe ulikuwa na dakika mbili za jioni. Usilinganishe.

Mleta uzi

@Ngoma Droo, hoja yako ina uzito na siipingi. Mwenye tovuti inayotaka matokeo kila nusu saa hawezi kutembea mashimo 18. Ninachosema ni kwamba kama wote mnakaa ndani, habari zenu zitafanana, na ndicho alicholalamikia yule mdau wa juzi.

Tuendelee. Mwandishi anapewa kitambulisho cha shingoni, na wachache wanapewa ruhusa ya kupita ndani ya kamba zinazowazuia watazamaji. Ndani ya kamba maana yake unatembea pembeni ya nyasi fupi, watazamaji wakiwa nyuma yako, na hapo heshima ni kitu cha lazima. Simu imezimwa sauti. Huvuki mstari wa macho wa mchezaji. Akijiandaa kupiga unasimama ulipo, hata kama ni kwenye nyasi zenye umande hadi vifundoni. Wapiga picha wana sheria kali zaidi: kamera isilie kabla fimbo haijagusa mpira. Niliona mmoja akitazamwa tu na kedi wa mchezaji mkubwa, hakuambiwa neno, akarudi nyuma hatua kumi.

Nilichagua kundi moja la asubuhi lenye kijana Mkenya, wa ridhaa, simtaji jina maana si mtu wa magazeti. Alicheza na wageni wawili. Nilimchagua kwa sababu ya kedi wake. Jana yake, siku ya wafadhili kucheza na wachezaji wa kulipwa, nilikuwa nimekwenda kuchukua kitambulisho nikamsikia huyo kedi akimwelekeza mgeni mmoja kuhusu grini ya hapo, yaani eneo la nyasi zilizonyolewa kabisa kuzunguka shimo, kana kwamba anamwonyesha vyumba vya nyumba yake.

Wakati wa mchezo kedi haongei na mwandishi, msijaribu. Lakini masikio hayana kamba. Kwenye shimo moja fupi, mapema asubuhi, nilimsikia akimwambia kijana, "Bado kuna baridi, usiuamini umbali wa mchana." Kijana akachukua fimbo kubwa zaidi, ya kupeleka mpira mbali. Mpira ukatua katikati ya grini. Mmoja wa wale wageni akapiga na fimbo ndogo, ukabaki mfupi, kwenye mchanga.

Hapo ndipo nilipopata habari yangu ya siku, na nilikuwa sijui kama nimeipata.

Mzee wa Lugalo

Ngoja nikusaidie hapo kijana, maana mimi nimebeba mifuko ya watu Dar kabla sijaanza kucheza. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa nyepesi, mpira haupati kizuizi, unaruka mbali kuliko pwani. Mtu aliyezoea kupiga mita 150 kwa fimbo fulani kule kwao, Nairobi mpira huohuo unaweza kwenda 160 na ushee. Wachezaji wa Ulaya wanashuka kwenye ndege Jumatatu na kazi yao ya kwanza ni kupiga upya hesabu za mfuko mzima.

Na hiyo haitoshi. Hewa ya asubuhi ya baridi ni nzito kuliko ya saa saba mchana. Kwa hiyo hesabu uliyoifanya alfajiri inabadilika jua likipanda. Kedi wa mgeni ana kitabu cha vipimo, kedi wa hapo ana kitabu na miaka. Usidharau.

Nyasi nazo. Nyanda za juu za Kenya ndiko zilikotoka nyasi zinazoitwa Kikuyu, ambazo leo zimejaa kwenye viwanja vya Afrika Kusini, Australia mpaka Riviera ya Los Angeles. Zinashika fimbo, zinataka mkono wenye nguvu. Ukitazama orodha ya mabingwa wa Kenya Open utaona Wasauzi hawakosekani: Immelman 2000, Haydn Porteous 2015, Justin Harding 2021. Wamekulia kwenye nyasi hizo.

Mleta uzi

Shikamoo mzee. Hicho ulichokieleza kwa aya tatu mimi nilikifuatilia asubuhi nzima kwa miguu.

Baada ya lile shimo nikaanza kuandika kitu kimoja tu kwenye daftari: saa, fimbo aliyochukua mchezaji, mpira umeishia wapi. Mashimo yenye umbali unaokaribiana. Asubuhi mipira ya wageni ilikuwa inabaki mifupi. Nikarudi kwenye mashimo yaleyale mchana na makundi mengine, sasa inavuka grini. Watu tofauti, kosa lilelile limegeuzwa. Skrini pale ndani ilikuwa imeandika "wamepoteza mkwaju" kwa wote, bila tofauti.

Kuna na suala la zamu. Anayecheza Alhamisi asubuhi anakuta grini laini, haijakanyagwa, upepo haujaamka. Wa mchana anakuta alama za viatu na upepo. Ijumaa wanabadilishana. Kwa hiyo mtu akikuandikia Alhamisi saa sita kwamba "fulani atawala Muthaiga", muulize fulani alitoka saa ngapi. Kiongozi wa Alhamisi asubuhi ameongoza nusu ya watu, katika hali ya hewa ambayo wenzake hawajaipata.

Kijiwe cha Ubungo

Sasa mahojiano je? Uliwapata hao wazungu?

Mleta uzi

Nilipata wawili na yule kijana. Utaratibu uko hivi: mchezaji akitoka shimo la mwisho humgusi. Anakwenda kwanza kwenye kibanda cha kuhakiki kadi ya matokeo yake. Humo ndani hakuna mwandishi, hakuna mke, hakuna wakala. Akitoka ameshasaini, ndiyo afisa wa habari anamleta kwa waandishi, dakika mbili tatu, anapita.

Mzee wa Lugalo

Na wana sababu. Kwenye gofu hujiandikii kadi. Anakuandikia mwenzako wa kundi, wewe unahakiki na kusaini. Masters ya 1968, Roberto De Vicenzo wa Argentina, siku ya kuzaliwa kwake, alipiga mikwaju mitatu shimo la 17 mbele ya umati na televisheni. Tommy Aaron akamwandikia minne. De Vicenzo akasaini bila kuangalia. Sheria ilisema ukisaini zaidi ya ulichopiga, hicho ulichosaini ndicho chako. Mkwaju mmoja ule ukamnyima mechi ya kuamua bingwa, Bob Goalby akachukua. Ukisaini pungufu ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, unafutwa kabisa. Sasa wewe mwandishi umvamie mtu njiani umwulize anajisikiaje?

Mleta uzi

Hilo "unajisikiaje" ndilo swali baya kuliko yote, mzee. Nilimsikia mwandishi mmoja akimwuliza mchezaji wa Ulaya, akajibiwa kwamba anafurahi kuwa Kenya, watu ni wakarimu, uwanja ni mzuri, kesho atajitahidi. Sekunde thelathini za hewa tupu.

Ilipofika zamu yangu nikamwuliza yule mgeni wa kundi langu kuhusu lile shimo fupi: kwa nini alichagua ile fimbo ndogo? Akanitazama, akacheka, akaanza kueleza. Mazoezini Jumanne alicheza mchana, kitabu chake kimeandikwa umbali wa mchana, hakukipunguzia baridi. Akaendelea mpaka afisa wa habari akatazama saa. Wachezaji hawa wanakumbuka kila mkwaju waliopiga. Ukimwuliza kuhusu mkwaju mmoja mahsusi anajua ulikuwepo, naye anakupa kitu. Ukimwuliza kwa ujumla anakupa cha jumla. Hii ndiyo faida kubwa niliyoipata kwa kutoka nje, kuliko hata kuona mpira ukiruka.

Kedi nilimpata mwisho, anahesabu fimbo kwenye mfuko. Nilimwuliza alijuaje kuhusu baridi. Akasema amebeba mifuko pale tangu akiwa mdogo, na asubuhi hasomi kitabu kabla hajatazama nyasi kama umande bado umesimama.

Hivi ndivyo taarifa ilivyoanza, naiweka kama ilivyosomwa hewani:

"Saa moja asubuhi mpira huu umeanguka mchangani, mita nane kabla ya grini. Saa saba mchana, shimo lilelile, mwingine ameuvusha grini mpaka kwa watazamaji. Hakuna aliyepiga vibaya. Kilichobadilika ni hewa ya Nairobi."

Kisha sauti ya mgeni, sauti ya kedi, na mstari mmoja wa msimamo mwishoni, ambao mhariri aliuweka mwenyewe. Nilimwachia.

Ngoma Droo

Hapo nimekuelewa, nafuta kauli. Ila bado gofu ni mchezo wa matajiri. Mtoto wa Mbagala ataingilia wapi?

Mzee wa Lugalo

Ataingilia mlango wa nyuma kama tulivyoingia sisi. Ada ya uanachama huiwezi, lakini mfuko unabebeka. Wachezaji wengi wa kulipwa wa ukanda huu walianza kama makedi. Dismas Indiza, jina kubwa Kenya, alianzia Mumias kwa kubeba. Sisemi ni haki, nasema ndivyo ilivyo. Na bado katika miaka yote hiyo hakuna Mkenya aliyeshinda Kenya Open. Jacob Okello aliikaribia 1998, akamaliza wa pili. Nasi Tanzania tuache kuwacheka, sisi hata mashindano ya ngazi hiyo hatuna.

Dada wa Moshi

Viwanja tunavyo lakini. Kile cha Kili Golf Arusha kilichorwa na David Jones, ambaye naye alishinda hiyohiyo Kenya Open, 1989. Na wanawake wetu kina Madina Iddi wamekuwa wakibeba makombe ya ukanda huu muda mrefu, ila hakuna anayewatangaza. Mleta uzi, ukirudi nyumbani anza na hao.

Pwani Kilifi

Na mkija pwani msisahau Magical Kenya Ladies Open iliyochezewa pale Vipingo Ridge. Esther Henseleit wa Ujerumani alishinda hapa 2019, akarudi akashinda tena 2022, kisha 2024 akaondoka Olimpiki ya Paris na medali ya fedha. Huku hakuna umande wa kusoma, huku kuna kaskazi. Mpira unaweza kuelekezwa baharini ndio utue katikati.

Mleta uzi

@Pwani Kilifi, Vipingo nimeiweka kwenye orodha. @Dada wa Moshi, ushauri nimeupokea, tuwasiliane faragha kama una namba za viongozi wa chama cha wanawake.

Walioniuliza faragha jinsi ya kupata kitambulisho: chombo chako ndicho kinachoomba, mapema, wiki kadhaa kabla, kwa barua inayoeleza utatoa nini na wapi. Redio ya chuo si tatizo kama barua inaeleweka. Omba na ruhusa ya ndani ya kamba humohumo, usisubiri kuiomba mlangoni. Beba kofia, maji, na daftari la karatasi, kwa sababu simu mkononi inawatia watu wasiwasi hata ikiwa kimya.

Kijiwe cha Ubungo

Umetuacha hewani. Yule kijana alivuka mchujo?

Mleta uzi

Hakuvuka. Baada ya raundi mbili wanabaki 65 wa juu na waliofungana nao, yeye Ijumaa jioni alikuwa nje ya mstari. Taji alichukua Darius van Driel wa Uholanzi, mikwaju 14 chini ya kiwango cha uwanja, na lilikuwa taji lake la kwanza kwenye ziara hiyo. Ijumaa naileta kesho, kwa sababu hesabu za mchujo saa kumi na moja jioni, watu wakiwa bado uwanjani na mstari ukipanda na kushuka, zinataka uzi wake.